Kugongwa na gari la serikali kuu Marekani: msiache kiasi wazi kwenye fomu

Dada, pole sana, nifikishie pole na kwa shemeji. Umeuliza mpigie kampuni gani ya bima baada ya gari la serikali kuu kumgonga hapo Columbus, Ohio. Hakuna. Serikali ya shirikisho kwa kawaida haikatii magari yake bima, inalipa yenyewe kwa utaratibu wake. Mimi nilipoteza miezi minne nikisubiri simu ya bima.

Ilikuwa 2019, nimesimama kwenye taa nyekundu, gari la idara moja likanivaa kwa nyuma. Shingo na bega mpaka leo baridi ikizidi nayasikia. Dereva alikuwa kazini, na hapo ndipo penye uzito: akiwa kazini mnaidai Marekani, si yeye. Sheria yenyewe ya kuidai fidia serikali kuu ni Federal Tort Claims Act ya 1946. Mkikimbilia mahakamani mtarudishwa. Madai yaanzie kwenye idara yenye gari, na wayapokee ndani ya miaka 2. Nasema wayapokee, siyo muyaposti.

Mtajaza fomu ya madai, Fomu 95 (Standard Form 95). Kwenye kisanduku cha 12d, penye jumla, niliandika kwa penseli "bado natibiwa". Wakili akachukua kifutio akafuta mbele yangu, akanionyesha onyo lililoandikwa palepale: usipotaja kiasi unaweza kupoteza haki yako. Na kiasi hicho kinawafunga. Mahakamani hamwezi kudai zaidi, labda lijitokeze jambo jipya ambalo hamkuweza kulijua. Kwa hiyo msijumlishe bili za hospitali tu. Wekeni mishahara aliyokosa, matibabu yajayo, na maumivu.

Idara ina miezi 6 ya kujibu. Wakikataa, mna miezi 6 tangu walipotuma barua ya kukataa kufungua kesi mahakama ya shirikisho, na anayeamua ni jaji peke yake. Tunzeni hata bahasha. Wakili haruhusiwi kuchukua zaidi ya asilimia 20 ya mtakacholipwa mkimalizana na idara, au 25 kesi ikishafunguliwa. Akitaja theluthi, ondokeni.

Mimi nililipwa bila kufika mahakamani.

Leo hii someni ripoti ya polisi, muone mwajiri wa dereva ni nani. Kuna magari yanafanya kazi za serikali lakini dereva ni wa kampuni yenye mkataba. Akiwa huyo, mnaidai kampuni yake kwa sheria za Ohio, na hapo ndipo mtaulizia bima.