Tukiungana na Burundi, wahamiaji haramu wataisha?

SWALI

Wakili, habari za kazi. Mimi ni mkulima wa mahindi na maharage wilayani Kasulu, mkoani Kigoma. Kila msimu wa palizi vijana kutoka Burundi huvuka kuja kutafuta vibarua. Uhamiaji wanawakamata, wanafikishwa mahakamani, wanarudishwa kwao, na baada ya wiki chache unakutana nao tena njiani. Juzi kijiweni ulizuka ubishi. Wapo waliosema dawa ni moja tu: nchi hizi mbili ziungane kama Tanganyika na Zanzibar, au Shirikisho la Afrika Mashariki lije haraka, habari ya wahamiaji haramu ife. Naomba jibu la kisheria. Ni kweli ingekwisha? Na yule ambaye tayari yuko ndani bila kibali, siku ya muungano angekuwa nani?

JIBU

Ndugu yangu wa Kasulu, wenzako wa kijiweni hawakubahatisha. Kosa la kuingia au kuishi nchini bila kibali linasimama juu ya mambo mawili: pawepo mpaka, na mtu asiwe raia wa upande aliopo. Futa mpaka, mpe uraia, na mwendesha mashtaka hana cha kuandika kwenye hati. Kwa kijana wa Kirundi anayepalilia shambani kwako, muungano kamili ungemaliza kesi yake. Angekuwa sawa na kijana wa Singida aliyekwenda kuvuna mpunga Mbarali.

Tena huko nyuma ilishawahi kuwa hivyo. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Kasulu, Ujiji na Urundi yote vilikuwa ndani ya koloni moja la Wajerumani. Waingereza na Wabelgiji walipogawana mwaka 1919, Ruanda-Urundi ikaenda kwa Wabelgiji, Tanganyika kwa Waingereza, na mstari ukapita katikati ya watu ambao hadi leo, huyu akisema Kiha na yule Kirundi, wanaelewana bila mkalimani. Watu walikwenda kutafuta kazi kabla ya mstari huo na wakaendelea baada yake. Warundi wengi walifika hadi kwenye mashamba ya mkonge.

Sasa tuje kwenye yale ambayo pengine hayakutajwa kijiweni.

Muungano hufuta kosa, haufuti sababu ya safari. Ujerumani, iliyokuwa imegawanyika nchi mbili, Mashariki na Magharibi, inaonyesha hili vizuri kuliko nchi nyingine yoyote ninayoijua. Kwa Sheria Kuu ya mwaka 1949, yaani katiba yake, Ujerumani Magharibi ilimhesabu Mjerumani wa Mashariki kuwa raia wake. Aliyefanikiwa kuvuka hakuwa mhamiaji haramu hata siku moja. Kosa lake lilikuwa kwa serikali aliyoikimbia. Ukuta wa Berlin ulipofunguka tarehe 9 Novemba 1989 watu walimiminika, na kwa mwaka huo mmoja waliohamia Magharibi walizidi 340,000. Waandamanaji wa Mashariki wakawa wanaimba kwamba fedha ya Magharibi ikija watabaki, isipokuja wataifuata iliko. Fedha ikaja tarehe 1 Julai 1990, nchi zikaungana tarehe 3 Oktoba, na bado kwa zaidi ya miaka 20 waliohama Mashariki waliwazidi walioelekea huko, pamoja na mabilioni yaliyomwagwa kujenga upande ule. Hiyo ni Ujerumani, yenye hazina yake. Sisi na Burundi hatuna hazina ya namna hiyo, na pato la Mtanzania wa kawaida, dogo kama lilivyo, ni mara kadhaa ya lile la jirani yake.

Kwako mwenye shamba hili lina upande ambao huenda hukuufikiria. Kibarua wa Kirundi anaishia Kasulu kwa sababu kila kizuizi cha barabarani ni hatari kwake. Mpe uraia, atapanda basi la Dar es Salaam kama vijana wako wanavyofanya. Usishangae muungano ukikupunguzia vibarua badala ya kukuongezea.

Akibaki, atataka ardhi. Hapo ndipo penye moto. Leo asiye raia hawezi kumiliki ardhi Tanzania isipokuwa kwa uwekezaji, na kwa njia maalumu. Siku akiwa raia, anaweza kwenda kwenye halmashauri ya kijiji na kuomba eneo kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 kama Mtanzania mwingine yeyote. Burundi ina zaidi ya watu 400 kwa kila kilomita ya mraba. Tanzania hawafiki 80. Sidhani ubishi wa kijiweni ungekuwa na maelewano yale yale kama mjadala ungeanzia kwenye mipaka ya mashamba. Hata Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, ililikwepa jambo hili: ibara ya 15 inaacha suala la ardhi kwa sheria za kila nchi.

Kwa sababu hiyo miungano mingi huweka mpaka mwingine ndani ya nyumba. Huo wetu wa 1964 uliuweka uraia na uhamiaji kwenye orodha ya mambo ya Muungano tangu mwanzo. Hata hivyo kwa miaka mingi Mtanzania wa bara alitakiwa pasipoti akishuka Zanzibar, na hadi leo Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 1985 inayosema nani ni Mzanzibari, pamoja na kitambulisho chake cha mkazi. Siwalaumu, nchi ndogo ikiungana na kubwa lazima ijilinde. Katika muungano wa Tanzania na Burundi ningetarajia madai kama hayo kutoka pande zote mbili, na pengine vijiji vya Kigoma ndivyo vingepiga kelele zaidi.

Mpaka wa nje nao haufi, unasogea. Tukiungana na Burundi, kituo cha mpakani cha Manyovu kinabaki jengo tu, lakini tunarithi mpaka wa Burundi na Kongo kwenye bonde la Ruzizi, na ule wa Rwanda unarefuka. Halafu kuna kundi ambalo mjadala wa Kigoma huwa haulioni: Waethiopia wanaopita Kenya na Tanzania wakielekea Afrika Kusini. Mnamo Juni 2012 zaidi ya 40 kati yao walikutwa wamekufa mkoani Dodoma baada ya kusafirishwa wamefungiwa ndani ya lori. Ethiopia haimo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ungana na Burundi, ungana na Kenya pia ukitaka. Wao watakuwa bado wanakamatwa, safari hii kuanzia Moyale, mpakani mwa Kenya na Ethiopia.

Swali lako la pili ndilo la kisheria hasa: aliyeko ndani bila kibali anakuwa nani? Jibu linategemea sheria ya muungano itaandikwaje, ila kawaida ni kwamba kila aliyekuwa raia wa nchi moja kati ya hizo, siku moja kabla, anakuwa raia wa nchi mpya. Ndivyo ilivyokuwa kwa raia wa Tanganyika na wa Zanzibar. Kwa hiyo kibarua wako hatapewa uraia kwa sababu alikuwa Kasulu. Atapewa kwa sababu alikuwa raia wa Burundi, na itabidi athibitishe. Wengi wanaovuka kwa njia za panya hawana cheti cha kuzaliwa wala kitambulisho. Upande wetu nao unajua adha hiyo: kwa lugha na sura Muha hatofautiani na Mrundi, na wapo wenyeji wa Kigoma wanaohojiwa uraia wa babu zao kila wanapofuatilia kitambulisho cha taifa. Mtu asiye na karatasi upande wowote anaweza kutoka kwenye uhamiaji haramu akaingia kwenye hali ya kutokuwa na uraia kabisa, ambayo ni mbaya zaidi, kwa kuwa hakuna pa kumrudisha.

Aliyekwisha shtakiwa naye asishangilie mapema. Kwa kifungu cha 32 cha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, kufutwa kwa sheria hakufuti kosa lililotendeka ilipokuwa hai, mpaka sheria mpya iseme vinginevyo. Msamaha lazima uandikwe. Ukisahaulika, mtu anaweza kuwa raia asubuhi na bado akatumikia kifungo cha kuingia isivyo halali katika nchi ambayo sasa ni yake.

Mkimbizi ndiye ningemwonea huruma kuliko wote. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unamtambua mkimbizi kuwa ni mtu aliye nje ya nchi ya uraia wake. Nchi zikiwa moja, Mrundi aliyepewa hifadhi kwenye kambi za Nyarugusu au Nduta hayuko nje tena. Anapoteza kinga ya kutorudishwa, na walewale aliowakimbia wanakuwa sehemu ya serikali yake. Tanzania ilipowapa uraia wakimbizi wa mwaka 1972, takriban 162,000, wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, ilitatua jambo lao kwa njia tofauti kabisa: watu waliombwa wachague, wakachagua, na mpaka ukabaki pale pale.

Kuhusu Shirikisho, usilisubiri kwa ajili ya palizi. Nyerere, Kenyatta na Obote walitangaza Juni 1963 kwamba lingekamilika mwaka ule ule. Mkataba wa Jumuiya wa 1999 unalitaja kama hatua ya mwisho, baada ya forodha, soko la pamoja na sarafu moja. Sarafu ilipangwa iwe imepatikana 2024, na bado tunatumia shilingi yetu. Mwaka 2017 wakuu wa nchi waliamua waanze na konfederesheni, yaani muungano legevu wa nchi, ambayo kwa kawaida huacha uraia mikononi mwa kila nchi. Na Julai 2025 serikali yetu iliwapiga marufuku wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogo. Hiyo ndiyo hali ya hewa ya siasa kwa sasa.

Kwa maoni yangu kinachokosekana Kigoma ni kibali cha msimu: cha bei nafuu, cha miezi michache, kinachotolewa mpakani na kutambuliwa na mwenyekiti wa kijiji. Tulicho nacho ni Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015, inayomtaka hata Mrundi awe na kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, kisha kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji. Utaratibu huo ulitungwa ukimwaza meneja wa kampuni. Kwenye Soko la Pamoja nako Tanzania ilifungulia kazi za kitaalamu. Kibarua wa jembe hayumo.

Hivyo kwa msimu huu uwe mwangalifu. Muhuri wa matembezi aliogongewa Manyovu unamruhusu kijana kuwa nchini, haumruhusu kulima kwa malipo, na wewe unayemwajiri au kumficha unaweza kushtakiwa kwa kosa lako mwenyewe. Nenda ofisi ya Uhamiaji ya wilaya kabla palizi haijaanza, eleza unahitaji watu wangapi na kwa muda gani, na uombe majibu ya maandishi. Wakishawakuta shambani, maelezo hayo hayo utayatoa ukiwa kizimbani.