Vita vya saksafoni Kansas City

Umeuliza kama mashindano ya saksafoni ya enzi za swing (jazz ya kuchezea dansi) yalikuwa makali kweli au ni chumvi ya mashabiki. Yalikuwa makali! Usiku unaosimuliwa zaidi ni wa klabu ya Cherry Blossom, Kansas City, Marekani, miaka ya 1930 mwanzoni. Coleman Hawkins, nyota wa bendi ya Fletcher Henderson ya New York, alikabiliana na wapiga saksafoni wenzake Lester Young, Ben Webster na Herschel Evans. Mpiga piano Mary Lou Williams alisimulia kwamba Webster alimgongea dirishani saa kumi alfajiri akimsihi aje, maana wapiga piano wote walikuwa hoi. Alipofika, Hawkins alikuwa amebaki na fulana ya ndani, bado anapuliza.

Mimi hunigusa zaidi tofauti ya sauti zao. Hawkins alikuwa mzito, sauti imejaa chumba. Young mwepesi, anateleza juu ya mdundo na kuacha nafasi, kwa hiyo kadiri usiku ulivyorefuka ndivyo alivyozidi kuchangamka. Mwaka 1934 akachukua kiti cha Hawkins kwa Henderson, ingawa wenzake walitaka apulize kama Hawkins, na hakukaa sana.