Muulize Mzee wa Kaseti

SWALI: Shikamoo mzee. Binti yangu anashinda akimsikiliza Asa wa Nigeria, eti ni muziki wa soul wa Kiafrika. Mimi nasikia Kizungu kitupu. Uafrika uko wapi? – Mama, Chang'ombe, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapo binti amekushinda. Asa alizaliwa Paris mwaka 1982 akakulia Lagos, na albamu yake ya kwanza, ya 2007, ina Kiyoruba pia. Lugha hiyo ina toni: sauti ikishuka pasipotakiwa, neno linageuka. Kwa hiyo maneno yenyewe huvuta wimbo. (Sade, yule mwimbaji wa Uingereza, naye alizaliwa Ibadan, Nigeria, ila mimi nasikia London zaidi. Mnitukane tu.)

Soul ilichota kwenye makanisa ya Wamarekani weusi: mmoja anaita, wengine wanaitika. Si ndivyo wanavyoimba Wagogo? Nilikuwa na kaseti ya Hukwe Zawose, mwana wa Dodoma aliyefariki 2003. Sauti inatoka besi, mara iko juu kabisa, na ilimba, ile marimba ya Kigogo inayopigwa kwa vidole gumba, inavuma chini yake. Niliicheza mpaka utepe ukakatika, nikauunga kwa rangi ya kucha ya mke wangu. Ugomvi wake usiniulize.

Binti akuchezee wimbo mmoja wa Kiyoruba, nawe umwekee Zawose. Ila tafuteni spika. Ilimba kwenye simu inalia kama kopo.