Kongosho limevimba: dripu kiasi gani?

Swali: Mimi ni tabibu hospitali ya wilaya. Mgonjwa wa kilo 60 mwenye uvimbe wa ghafla wa kongosho tulimpa lita 5 za dripu siku ya kwanza. Kesho yake akaanza kuhema, oksijeni ikashuka. Je, maji yalikuwa machache?

Jibu: Yalizidi. Hesabu yenu naijua: mililita 20 kwa kilo ndani ya saa 2, kisha 3 kwa kilo kila saa. Utafiti wa WATERFALL (2022) uliipima ukasimamishwa mapema. Waliozidiwa na maji walikuwa 20.5%, dhidi ya 6.3% kwa waliopewa kwa kiasi, na ugonjwa haukupungua makali. Bado wodini nasikia "mimina, kongosho lioshwe". Maji hayaoshi kongosho! Yanajaza mishipa inayovuja, na yakizidi huvujia mapafuni.

Mgonjwa wako ungemwanzia na uchunguzi. Kama mdomo umekauka, mapigo yanakimbia na mkojo haba, mpe dripu ya Ringa lakteti mililita 600 kwa saa 2. Kama hana dalili hizo, ruka hatua hiyo. Kisha mililita 90 kwa saa, yaani matone 30 kwa dakika kwa seti ya matone 20 kwa mililita. Kalsiamu ikiwa juu, tumia salaini badala ya Ringa, kwa kuwa Ringa ina kalsiamu.

Kosa kubwa huja hapo: kiwango kilichoandikwa asubuhi kinaachwa hadi kesho. Rudi kitandani kila baada ya saa chache. Mkojo ukifika mililita 30 kwa saa na urea ya damu inashuka, punguza. Akianza kunywa vizuri, funga. Ukisikia mikwaruzo sehemu ya chini ya mapafu au shingo imetuna mishipa, simamisha, hata kama chupa haijaisha. Mwenye moyo dhaifu au figo mbovu anza chini zaidi. Watu hao hawakuwemo kwenye utafiti ule.

Halafu wapo wanaotundika dripu kwenye maduka ya dawa. Mtu analalamikia tumbo, anaambiwa ni vidonda vya tumbo, anawekewa chupa mbili tatu za glukosi 5%, ambayo haikai mishipani, bila kupimwa lipase (kimeng'enya cha kongosho kwenye damu) wala kuhesabiwa mkojo. Anakufikia amepoteza siku nzima na chati haina alama yoyote. Waulize ndugu waliomleta zilikuwa chupa ngapi na za nini, uziandike kwenye chati kabla hujafungua ya kwanza yako.