Windows inapigwa upya kila mara: maswali yenu na majibu

Barua za safari hii zimefanana mno, nikaona nizijibu pamoja. Karibu kila aliyeandika amepigiwa Windows, yaani amewekewa upya mfumo huo unaoendesha kompyuta, zaidi ya mara moja, na wengi wamepoteza kitu ambacho hakitengenezeki tena. Ombi langu kwenu wote ni moja: mafaili yatoke kwanza, ndipo mtu aguse mashine.

Habari za kazi, fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, Morogoro. Laptopu yangu imepigwa Windows mara tatu tangu mwaka uanze. Kila ikirudi inakuwa nyepesi, baada ya wiki mbili tatu inaanza kuganda, inaleta skrini ya bluu, mwishowe haiwaki. Ninaambiwa ni virusi.

Nzuri, mwalimu. Virusi huenda vipo, lakini mashine inayokaa sawa wiki mbili kisha ikarudia dalili zilezile, mimi naanza na diski. Hasa kama ni diski ya zamani, ile yenye sahani zinazozunguka ndani.

Diski hiyo imegawanywa katika vijisehemu vidogo sana vinavyoitwa sekta. Sekta ikianza kufa, diski inajaribu kuisoma, inashindwa, inarudia tena na tena. Hapo ndipo unapoona mashine imeganda huku taa ya diski ikiwaka mfululizo. Sasa Windows ikipigwa upya, data mpya inaandikwa juu ya sekta zilezile. Diski ikigundua moja haishiki, inaiweka kando na kutumia nyingine ya akiba. Ndiyo maana kwa siku kadhaa kila kitu kinasomeka vizuri. Kisha sekta nyingine zinakufa, na safari hii zimebeba faili ambalo Windows yenyewe inalihitaji ili iwake. Kwa hiyo fundi alipokuonyesha mashine inakimbia, ilikuwa inakimbia kweli. Tatizo ni kwamba chanzo hakikuguswa.

Usikubali kupigiwa mara ya nne kabla ya kipimo. Ipo programu ya bure inaitwa CrystalDiskInfo. Ukiifungua itakuonyesha hali ya diski kwa rangi: bluu ni nzuri, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbaya. Usiishie kwenye rangi. Shuka chini usome mistari mitatu, yenye namba 05, C5 na C6. Wa kwanza unahesabu sekta zilizokwisha kubadilishwa, wa pili zile ambazo diski inashindwa kuzisoma na bado haijaziamua, wa tatu zilizoshindikana. Tazama safu ya mwisho kulia. Ikiwa ni sifuri tupu kwenye yote mitatu, upande huo uko salama. C5 ikiwa na kitu chochote juu ya sifuri, hamisha mafaili leo na utafute diski nyingine. Kupiga Windows juu ya diski ya namna hiyo ni kupaka rangi ukuta ulioliwa na mchwa.

Na hapa naomba unisikilize vizuri, maana ndipo watu wanapoumia. Wengi wakiona diski inasumbua wanakimbilia amri ya chkdsk yenye /r. Amri hiyo inaisoma diski nzima, sekta kwa sekta, kwa saa nyingi. Diski iliyo taabani inaweza kufia hapohapo. Nakili kwanza, tena ukianza na visivyopatikana kwingine: maksi za wanafunzi, mitihani uliyotunga, picha za familia. Filamu na nyimbo ziwe za mwisho.

Diski ikikutwa nzima, pima RAM, ile kumbukumbu ya muda ambayo mashine hutumia ikiwa inafanya kazi. Andika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia, kubali mashine izime na kuwaka, kisha uiache ijipime yenyewe. RAM mbovu huharibu data njiani, kwa hiyo hata Windows iliyopigwa asubuhi inaweza kuandikwa ikiwa na makosa tayari. Kama ziko mbili, chomoa moja, tumia mashine siku chache, kisha uzibadilishe. Baada ya hapo ndiyo tuangalie vumbi na joto, na ile flashi inayotumika kupigia. Nimeona flashi moja ikizunguka ofisi nzima na Windows yenye kasoro, kila mashine ikaugua kwa zamu.

Shikamoo. Nasoma chuo Dodoma, nipo mwaka wa mwisho. Laptopu haiwaki, fundi anasema dawa ni kufomati. Ripoti yangu ya utafiti ipo Desktop. Kuna njia ya kuitoa?

Marahaba, mwanangu. Ipo, na mara nyingi ni rahisi. Windows kukataa kuwaka hakumaanishi mafaili yamekufa. Mwambie fundi atengeneze flashi ya Linux, mfumo wa bure unaoweza kushika nafasi ya Windows, iwe Ubuntu au Linux Mint, awashe mashine kutoka kwenye flashi hiyo kwa kuchagua kujaribu tu, bila kuisakinisha. Itafunguka kama kompyuta ya kawaida, na humo mtaiona diski yako. Njia nyingine ni kuchomoa diski na kuiweka kwenye kasha la USB, kisha kuichomeka kwenye kompyuta ya mwenzako.

Jua pia mahali pa kutafuta. Desktop ni folda iliyo ndani ya diski C, kwenye Users, kisha jina lako. Kufomati C kunaifuta pamoja na Documents, Downloads na Pictures. Fundi mwenye haraka hunakili Documents peke yake, nawe unakuja kugundua baada ya wiki kwamba ripoti ilikuwa Downloads kwa sababu uliifungua kutoka kwenye barua pepe. Mwandikie orodha kwenye karatasi, na kabla hajafomati, fungua ripoti yenyewe kwenye mashine nyingine usome hadi ukurasa wa mwisho. Kuona jina la faili tu hakutoshi.

Na usidanganyike na diski D. Kwenye laptopu nyingi C na D ni diski moja iliyogawanywa. D inaokoa mafaili wakati wa kufomati C, lakini diski ikifa, zote zinaondoka.

Fundi, mimi napiga picha za harusi hapa Mombasa. Jana kompyuta imefomatiwa bila kuniuliza. Harusi mbili zilikuwa ndani. Nisaidie.

Pole sana, kaka. Kwanza izime sasa hivi, usiweke programu yoyote, usiingie intaneti. Kila kinachoandikwa kinaweza kukalia picha zako.

Mengine yanategemea aina ya diski. Kama ni ya sahani na ilifomatiwa kwa haraka, picha nyingi huenda bado zipo. Kilichofutwa ni orodha ya mahali zilipo. Itoeni, ichomekwe kwenye kompyuta nyingine, mtumie programu ya PhotoRec. Ni ya bure, na hutafuta picha kwa kuutambua muundo wa faili lenyewe. Majina ya mafaili hayatarudi, na kuzipanga upya kutakuchosha, lakini picha ni picha. Zinazopatikana zihifadhiwe kwenye diski tofauti, kamwe si ileile.

Kama ni SSD, ile diski mpya isiyo na sahani, nitakuambia ukweli: matumaini ni madogo. Windows huiarifu SSD nafasi zipi zimeachwa wazi, nayo huzisafisha yenyewe, mara nyingi ndani ya muda mfupi. Basi geukia kadi za kamera. Ikiwa hujapiga kazi nyingine juu yake, PhotoRec inafanya kazi hata huko, hata kama kadi imekwisha kufutwa. Fundi kama hakufuta sehemu ya diski bali aliweka Windows juu ya ile ya zamani, tazama pia folda ya Windows.old ndani ya C, uingie Users. Wahi, kwa sababu Windows huiondoa yenyewe, kwa kawaida baada ya siku 10.

Laptopu inawaka kisha inadai tarakimu 48 ambazo sijawahi kupewa. Nimeibiwa?

Hapana, dada. Hiyo ni BitLocker, kufuli la Windows kwenye diski. Kwenye Windows 11 za karibuni, kufuli hilo hujiwasha lenyewe kwenye mashine nyingi ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, bila mwenyewe kutambua. Likihisi kitu kimebadilika, kwa mfano mipangilio ya BIOS, ile programu ya ndani inayoiwasha mashine kabla ya Windows, imeguswa, linadai ufunguo. Chukua simu, ingia account.microsoft.com/devices/recoverykey kwa akaunti ileile, utazikuta tarakimu zako. Ziandike kwenye karatasi na uiweke mbali na laptopu. Asipopatikana mwenye ufunguo, hakuna fundi wa kuifungua. Atafomati, na data imekwenda. Kwa hiyo ufunguo utafutwe kabla ya mashine kupelekwa kwa fundi.

Laptopu nilinunua mpya na Windows yake. Tangu ipigwe upya inasema haijawezeshwa, na fundi akaweka kiprogramu cha kuifungua. Antivirusi ikakipigia kelele, akaizima. Ni sawa?

Si sawa, na inaniuma kuliona hili kila siku. Laptopu zilizotoka kiwandani na Windows tangu enzi za Windows 8 zina ufunguo uliohifadhiwa kwenye chipu ya mashine yenyewe. Ukiweka toleo lilelile, Windows inaukuta na kujiwezesha ikifika intaneti. Kinachotokea ni kwamba laptopu nyingi huja na toleo la Home, halafu mafundi hupiga Pro kwa sababu ndiyo iliyo kwenye flashi yao. Ufunguo haulingani, ndipo kinapoletwa kile kiprogramu. Una haki ya kitu ulichokilipia, na unapewa cha wizi badala yake.

Viprogramu hivyo na programu za kulipia zilizovunjwa kufuli ili zitumike bure ndiyo njia kubwa iliyotumiwa kusambaza kirusi cha STOP, kiitwacho pia Djvu, kinachofunga mafaili yote na kudai fidia. Antivirusi ikizimwa ili kitu kiingie, mlango unabaki wazi kwa kila kitu. Toa mafaili yako, pakua Windows kutoka kwa Microsoft wenyewe kwa kutumia Media Creation Tool na flashi ya GB 8, uweke toleo lililokuja na mashine. Kama mafaili yamekwisha kufungwa, usilipe. Pita kwanza nomoreransom.org, mradi ulioanzishwa mwaka 2016 na Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, polisi wa Uholanzi na kampuni mbili za usalama wa kompyuta. Zana zao ni za bure, ingawa hazifungui kila aina.

Flashi imegeuza folda zote kuwa shotikati. Niifomati?

Usifomati. Mara nyingi mafaili yapo, yamefichwa tu. Usibofye zile shotikati, yaani vile vialama vya njia ya mkato, kwa sababu ndizo zinazokiamsha kirusi. Pitisha antivirusi, kisha fungua dirisha la amri na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako. Folda zitajitokeza. Zinakili, halafu ndiyo ufomati.

Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, Mbeya. Hesabu za wanachama miaka yote zipo kwenye laptopu moja. Bando ni ghali. Nihifadhi vipi?

Mama, hizo ni jasho la watu, na nashukuru umeuliza kabla ya balaa. Habari njema ni kwamba daftari la Excel ni jepesi kuliko picha moja ya simu. Kila baada ya kikao jitumie kwenye barua pepe, au uweke Google Drive, ambako unapewa GB 15 bure. Weka nywila kwenye faili, kwa sababu madeni ya watu ni siri yao.

Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh alieneza kanuni ambayo mafundi wengi tunaifuata: nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, moja ikae mbali. Kwako ni laptopu, flashi na barua pepe. Flashi isikae imechomekwa, maana kirusi kinachofunga mafaili hufunga na yaliyomo humo. Ipime kwanza kwa programu ya H2testw, kwa kuwa sokoni kuna flashi zilizoandikwa TB 2 ambazo hazina hata robo yake. Zinapokea mafaili na kuyaharibu kimyakimya. Kila nakala ipe jina lenye tarehe, usiandike juu ya ile ya mwezi uliopita, ili kosa la leo lisifute hesabu sahihi za jana.

Nakala ya kwanza ikiwa tayari, mpelekee mweka hazina. Ifungueni kwenye kompyuta nyingine, mhesabu wanachama, mlinganishe jumla ya akiba na ile iliyo kwenye daftari la mkono.