Mawazo ya Hadithi Unayaweka Wapi? Mi Nayatunza Hivi

Watu wakijua unaandika hadithi swali lao la kwanza huwa "hivi mawazo unayatoa wapi", na mi huwa nawaambia mawazo sio shida kabisa, panda daladala asubuhi kutoka Mbagala mpaka Kariakoo utashuka na hadithi tatu kwa nauli ileile. Shida iko jioni. Umekaa sasa uandike, zote zimeyeyuka, au mbaya zaidi uliziandika mahali fulani ila ukizisoma huelewi ulikuwa unamaanisha nini. Unafungua simu unakuta "mama na begi". Basi, imeishia hapo. Mama yupi, begi gani, kafanyaje, hata wewe uliyeandika hujui. Wazo la namna hiyo ni kama ufunguo uliouokota njiani, unatembea nao tu mfukoni na mlango wake huujui.

Mi naandika hizi hadithi za kuendelea, zile za sehemu ya kwanza sehemu ya pili mpaka wasomaji wanakuja inbox kukusema kwanini jana hujaposti, kwahiyo nachokueleza hapa ni navyofanya mwenyewe, sio ya darasani, na kama una utaratibu wako unaokufaa baki nao.

Kitu cha kwanza na ndo kikubwa kuliko vyote, usiandike wazo, andika kilichokushtua. Yaani ule muda kitu kimekugusa mwili ukasisimka kidogo ukasema "hii hadithi hii", kuna kaneno kamoja au kakitendo kamoja kamefanya hiyo kazi, na hako ndo kanapotea kwanza, kabla hata hujafika nyumbani. Yale mengine utayatunga tu. Huyo mama na begi kwa mfano, noti yake iliyokamilika kwangu ingekaa hivi:

"Stendi ya Magufuli, saa kumi na moja alfajiri. Mama wa makamo kabeba begi la shule la mtoto, la pinki, zipu imekufa kafunga na pini. Mtoto hana. Anamfuata kila konda wa Tanga anauliza gari la jana lilifika salama? Kilichonishtua: anauliza gari, mtu hamtaji."

Mistari minne tu hiyo, ila hata ukiisoma baada ya mwaka mzima unarudi palepale stendi unasikia mpaka wapiga debe. Na angalia sijaandika kwamba mama ana huzuni wala sijaandika hadithi itaishaje, hayo ukiyaandika mapema unakuwa umeshalifunga wazo kabla halijapumua. Naandika nilichokiona, nilichokisikia, halafu "kilichonishtua". Hilo neno nimelifanya lazima, kila noti iwe nalo, na nikishindwa kulijaza najua hapo hakuna kitu nilikuwa napenda tu mandhari.

Sasa kuna mazingira huwezi kuandika. Kwenye daladala umekaa dirishani foleni ya Kariakoo ukitoa simu uanze kuchapa unajitafutia mengine, wanapita nayo hivihivi unaona. Hapo mi huwa navumilia mpaka nishuke halafu natafuta pembeni najirekodi sauti, naweka simu sikioni naongea kama napigiana na mtu, "eeh bwana nimemuona mama mmoja ana begi", na hakuna anayekushangaa maana mji mzima unaongea na simu. Ila voisi noti zina ugonjwa wake, hakuna mtu anarudi kuzisikiliza. Zinajaa tu. Kwahiyo sheria yangu ni kwamba haziruhusiwi kulala, usiku uleule nazihamisha ziwe maandishi. Na siku hizi kibodi ya Google ya kwenye simu inasikiliza Kiswahili na kuchapa yenyewe, unaongea inaandika, inaboronga majina ya watu na ya mitaa ila kwa noti za haraka inatosha sana.

Halafu mahali pawe pamoja. Hapa ndo wengi wanapofeli, wazo moja liko kwenye risiti ya duka, lingine kwenye ukurasa wa nyuma wa kitabu cha kanisani, lingine kwenye skrinshoti katikati ya picha za harusi ya binamu. WhatsApp inakuruhusu kujitumia meseji mwenyewe, na kabla hicho kitu hakijaja wengi wetu tulikuwa tunafungua grupu na rafiki mmoja halafu tunamtoa tunabaki peke yetu mle ndani, mi lile grupu langu bado ninalo. Linafaa kwa kutupia tu. Kwa kutunza halifai, maana ukishatupia meseji mia ya juu huioni tena, na simu ikiibiwa kama hukuwa umewasha bakapu umekwisha. Kwahiyo WhatsApp ni mlangoni, kila Jumapili jioni nakaa nahamisha vya mlangoni kuviingiza ndani, na ndani kwangu ni kaunta buku moja kubwa pamoja na dokumenti moja ya Google Docs. Ndio nanakili mara mbili. Kaunta buku kwasababu umeme ukikatika na bando likiisha bado inafunguka, Docs kwasababu kaunta buku ikilowana haina nakala. Watu wananiuliza sana apu gani nzuri, jamani, marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, yule mwandishi wa Kenya, mwaka 1978 akiwa kizuizini gereza la Kamiti aliandika riwaya nzima kwenye karatasi za chooni, tusisumbuane na apu. Tumia ambayo tayari unaifungua kila siku.

Tuje kwenye kupanga sasa, na hapa nina msimamo. Wengi wanapanga kwa aina ya hadithi, mapenzi huku, uchawi huku, upelelezi kule. Mi naona inaua. Ukishaandika juu ya wazo "MAPENZI" litakaa kwenye mapenzi mpaka life, kumbe lingeweza kuwa la mauaji. Mi napanga kwa kuangalia nilichookota ni kitu gani. Ni mtu? Ni tukio? Ni sentensi niliyoisikia mtu anaongea? Au ni swali linalonisumbua? Kaunta buku imegawanywa hivyo, na ukurasa wa sentensi ndo naupenda kuliko zote, kuna fundi cherehani mmoja nilimsikia anamjibu mteja, "nguo ya marehemu mi huwa sipunguzi", sijui walikuwa wanazungumzia nini na sikutaka hata kuuliza.

Kwanini hivyo, ni kwasababu wazo moja peke yake mara nyingi halitoshi hadithi. Hadithi inaanza pale mawili yakigongana. Jumapili nikimaliza kuhamisha nachukua kitu kimoja kila sehemu nakiweka karibu na kingine naangalia kama kuna cheche. Mama wa begi yuko kwenye watu. Fundi yuko kwenye sentensi. Kwenye maswali niliwahi kuandika "mtu anaweza kumlipia nauli asiyekuwepo?" Ukiviweka pamoja hivyo vitatu, ghafla una mama ambaye kila Ijumaa anakata siti mbili za Tanga, yake na ya begi, na ndani ya begi kuna sare ya shule inayopelekwa kwa fundi ikapunguzwe imtoshe mdogo mtu, na fundi anakataa. Hapo sasa kuna hadithi, kuna mtu anataka kitu na kuna mtu anamkatalia, na vyote vilikuwa vimelala kurasa tofauti.

Hadithi ikishaanza kushika nahamia kwenye vikadi. Nanunua manila steshenari nakata vipande saizi ya kiganja, tukio moja kadi moja, namwaga sakafuni napanga. Huyu Vladimir Nabokov, Mrusi aliyekuja kuandika kwa Kiingereza, riwaya zake kadhaa aliziandika kwenye vikadi hivyohivyo, na alipofariki 1977 aliacha riwaya haijaisha ikiwa kwenye kadi, alikuwa ameagiza ichomwe moto ila mwanae akaja kuitoa 2009. Faida ya kadi ni kwamba unaweza kuhamisha tukio la mwisho ukaliweka mwanzo bila kuandika upya chochote, unaona kwa macho kabisa kwamba katikati pamepwaya, kuna kadi tano watu wanaongea tu hakuna kinachotokea. Kwenye skrini ya simu hilo hulioni. Ila ziwekee namba nyuma kwa penseli, mtoto akipita mbio au feni ikiwashwa utajua kwanini nasema.

Kwa mnaoandika za kuendelea kuna daftari lingine dogo la lazima, la wahusika. Sio ule ujinga wa rangi anayoipenda na chakula anachokipenda, hapana. Andika umri, ndugu zake, kovu liko upande gani, simu yake ni ya batani au ya kupangusa kama inahusika, na la muhimu zaidi: nani anajua siri gani, na kaijua sehemu ya ngapi. Hadithi zetu zinaendeshwa na siri, msomaji wa Kibongo anakumbuka kwamba shemeji aliambiwa habari ya mtoto wa nje sehemu ya 14, ukija kumuandika sehemu ya 37 anashtuka kama ndo anasikia leo, komenti utazisoma mpaka ufunge data. Na weka kalenda. Kuna hadithi humu mitandaoni mimba inaingia sehemu ya 8, mtoto anazaliwa sehemu ya 60, katikati zimepita Ramadhani mbili na wasomaji wamehesabu.

Mawazo yaliyokaa muda mrefu bila kugongana na chochote usiyafute. Mi nimeyatengea kurasa za mwisho nimeziandika MAKABURINI, huwa napita mara chache, mengi yanastahili kuwa kule ila moja moja linafufuka likikutana na jipya. Na wazo ambalo bado hujaliandika usilisimulie sana vijiweni, sio kwa kuogopa wizi, ila ukishalisimulia watu wakacheka na wakashangaa ile hamu ya kuliandika inaishia palepale.

Nimalizie na usalama wa nyumbani maana hili hawalisemi. Noti zako zimejaa mambo ya watu, majirani, mawifi, jamaa wa kazini, na kuna siku mtu atafungua hiyo kaunta buku akitafuta karatasi ya kuandikia mahitaji ya sokoni. Akutane na "baba mdogo ana nyumba nyingine Tegeta, mkewe hajui", utaanza kueleza kwamba ni hadithi, nani atakuelewa? Mi majina ya kweli siandiki hata kwa kifupi, mtaa nabadilisha, kazi ya mtu nabadilisha, mwenye bodaboda anakuwa fundi friji hapohapo kwenye noti. Na kwenye jalada nimeandika RIWAYA kwa maka pen nyekundu, ingawa wifi yangu bado ananiuliza yule mwanamke wa ukurasa wa kumi na mbili ni nani.