Wasomaji Wanauliza: Breki ya Nyuma ya Baiskeli ya Kuruka Mawe

SWALI: Ndugu mafundi, habari za kazi. Nimepata fremu iliyotumika ya traiali, yaani mchezo wa kuruka mawe kwa baiskeli, ya ringi za inchi 26. Nyuma ina matundu manne ya kufungia breki ya ringi, na ina masikio ya kufungia kalipa, kile kifaa kinachobana diski, pia. Ringi imenyooka ila uso wake ni laini kabisa. Nina kilo 68, jioni nafanya mazoezi kwenye mawe ya Capri Point hapa Mwanza, na hela niliyonayo inatosha breki moja tu. Nifunge ipi?
Msomaji, Kirumba

JIBU: Funga breki ya ringi ya haidroliki, yaani inayosukumwa kwa mafuta, Magura HS33 au inayofanana nayo, na hiyo ringi laini uikwaruze kwa grinda. Wapo watakaokuambia diski ndiyo ya kisasa, kwa hiyo tueleze.

Kwenye traiali, breki ya nyuma haipo kwa ajili ya kupunguza mwendo. Ipo kulifunga gurudumu lisisogee kabisa. Unasimama na tairi la nyuma peke yake juu ya jiwe, unaachia breki kufumba na kufumbua, unakanyaga pedeli, unaruka, unabana tena kabla tairi halijatua. Gurudumu likiteleza sentimita 2, umeshashuka. Na linavutwa pande zote mbili, mbele na nyuma, mara kadhaa ndani ya dakika moja.

Sasa pima umbali. Kwenye ringi ya inchi 26, pedi inashika takribani sentimita 27 kutoka katikati ya ekseli. Diski ya milimita 160 inashikwa chini ya sentimita 8 kutoka hapo. Ili ilizuie gurudumu lilelile, diski lazima ibanwe kwa nguvu zaidi ya mara tatu. Kalipa nzuri inaziweza nguvu hizo, lakini zinapita kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, kisha kwenye spoku, ndipo zifike kwenye tairi. Spoku zikiwa zimelegea, unahisi breki inaachia, kumbe ni gurudumu linalojinyonga. Halafu pedi za diski huwa na nafasi ndogo ya kucheza ndani ya kalipa. Shika breki, sukuma baiskeli mbele na nyuma, utausikia mgongano huo mdogo: tak, tak. Mwendesha baiskeli wa barabarani haimsumbui. Wewe uliyesimama kwenye ncha ya jiwe inakusumbua.

Breki ya ringi nayo ina ugonjwa wake. Inazisukuma nje zile bomba mbili za fremu zinazoshuka kutoka kwenye kiti. Mwambie mwenzako abane breki kwa nguvu, wewe chuchumaa nyuma utazame. Bomba zikitanuka, sehemu ya nguvu ya kidole chako inaishia pale. Dawa yake ni daraja, yaani bamba la umbo la U linalofungwa juu ya pedi kuunganisha pande mbili. Fundi wa alumini anaweza kulichonga, ila liwe gumu. Bamba la kupinda kwa mkono halisaidii kitu.

Ugonjwa wa pili ni ringi yenyewe. Wengi mnaweka upepo mdogo nyuma ili tairi lishike jiwe, na graniti ya Mwanza haina huruma. Ringi ikibonyea, pedi zinaruka kila zikipita pale, na siku moja utabana breki palepale penye bonyeo. Kwa hiyo kama wewe ni wa kubonyeza ringi kila mwezi, hesabu inageuka: funga diski, maana yenyewe haijali ringi imekaaje. Chukua ya milimita 180, ukijua kwamba inaning'inia sentimita 1 chini zaidi ya ile ya 160 na inaweza kugonga jiwe.

Kukwaruza ringi: vua tairi na mpira, funika habu kwa kitambaa, vaa miwani. Tumia grinda ndogo yenye jiwe la kusagia chuma. Usilikandamize, ligusishe tu na kuliinua huku mkono mwingine ukizungusha gurudumu taratibu. Piga mistari ya mshazari upande mmoja, kisha irudie kwa mshazari wa upande wa pili ikatane. Kina kinatosha pale ukucha unapokwama ukiupitisha. Zaidi ya hapo unakula ukuta wa ringi, na ringi iliyokwisha kuliwa na pedi ikawa na shimo la bonde usiikwaruze kabisa. Osha kwa sabuni na maji, kausha. Siku za mwanzo pedi zitatoa unga na breki italia kama honi ya mabasi ya Nyegezi, ndivyo inavyotakiwa. Pedi zitaisha haraka kuliko ulivyozoea, na mistari ikianza kung'aa ujue inahitaji kurudiwa.

Unapofunga, pedi iikabili ringi sawasawa, uso wote uguse kwa pamoja, isiguse tairi hata kidogo. Acha nafasi ya kama milimita 2 kila upande. Mkono wa breki usogeze ndani kwenye usukani mpaka kidole cha shahada kiangukie nchani mwake. Kidole kimoja kinatosha. Kama unahitaji viwili, kuna kitu hakijakaa sawa.

SWALI: Shikamooni. Nimesikia badala ya grinda watu wanapaka lami kwenye ringi. Ni kweli au ni utani?
Msomaji, Igogo

JIBU: Marahaba. Ni kweli, na inashika vizuri sana kwenye ringi laini iliyo kavu. Chukua kipande cha lami kilichoganda, kikwaruze kidogo juu ya ringi, michirizi michache kila upande, kisha endesha ukibana breki ili isambae. Ukipaka nyingi inakuwa ulimbo, breki haiachii. Shida ni maji. Mvua za vuli zikianza, au ukitoka kucheza pembeni ya ziwa ringi ikiwa imelowa, lami haina msaada, wakati mistari ya grinda inaukata ule utando wa maji. Ringi iliyokwaruzwa usiipake lami. Unaijaza mistari uliyoitolea jasho.

SWALI: HS33 yangu imeingia upepo, mkono unazama mpaka kwenye usukani. Dukani wamenipa mafuta ya breki ya bodaboda, DOT 4. Nitie?
Msomaji, Pasiansi

JIBU: Usitie. Magura na Shimano hutumia mafuta ya madini, na sili zake, ile mipira ya ndani inayozuia mafuta yasivuje, hazipatani na DOT. Zinavimba, pistoni zinakwama, mkono haurudi. Breki za Hope ndizo zinazotumia DOT, na huko nako ukitia mafuta ya madini unaharibu vilevile. Soma maandishi kwenye breki yenyewe, usimuulize muuzaji. Kama umeshatia, fungua, mwaga yote, badilisha sili.

Kutoa upepo: tafuta mabomba mawili ya sindano ya mililita 20 na vipande vya mpira mwembamba unaobana vizuri. Legeza kabisa ile skrubu ya marekebisho ya mkono. Funga baiskeli ili mkono wa breki uwe juu kuliko kila kitu. Bomba lililojaa mafuta liunge kwenye tundu la pistoni chini, bomba tupu kwenye tundu la mkono. Sukuma kutoka chini kwenda juu, polepole, kwa sababu hewa hupanda. Gongagonga bomba za mafuta kwa mpini wa bisibisi ili vipovu vilivyong'ang'ania viachie. Vikiisha, funga juu kwanza, kisha chini.

Wapo wanaotia maji badala ya mafuta ili mkono uwe mwepesi. Inafanya kazi, na Mwanza hayatagandia ndani kama Ulaya. Lakini yanaleta kutu, hivyo ukichagua njia hiyo uyabadilishe mara kwa mara.

SWALI: Mimi nina baiskeli ya mtumba kutoka Japani yenye breki za mikono mirefu ya waya. Naweza kuanzia hapo?
Msomaji, Mabatini

JIBU: Anzia hapo. Badilisha waya na ganda lake vyote viwili, usibakize ganda la zamani. Nusu ya ulegevu umo humo. Tia pedi mpya, kwaruza ringi kama ni ya alumini, na hakikisha mkono wa breki wa kwenye usukani ni ule uliotengenezwa kwa breki za mikono mirefu. Ule wa baiskeli za zamani unavuta waya mfupi mno, hata ukikaza vipi.

SWALI: Diski yangu ya nyuma inapiga kelele na haishiki tangu nilipoisafisha.
Msomaji, Nyegezi

JIBU: Umeigusa kwa mikono yenye mafuta, au kitambaa kilikuwa nayo. Mkono uliotoka kushika sangara wa kukaanga unatosha. Ifute diski kwa spiriti na kitambaa kipya. Pedi zisugue juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo mpaka uso ufifie. Zikiwa zimenyonya mafuta hadi ndani, nunua nyingine. Kisha kimbia na baiskeli na ubane taratibu bila kulifunga gurudumu, mara 20 mpaka 30, ndipo urudi kwenye mawe.